Uliza Ujibiwe: Barua za askari wa Keya kutoka vita vya Burma

Toleo lililopita liliomba maswali kuhusu barua za zamani zilizohifadhiwa majumbani. Mengi yaliyofika yanahusu barua za askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliopigana Vita vya Pili vya Dunia. Tumechagua matano.

Barua za babu zimejaa salamu tu. Vita viko wapi?

*Wahariri, shikamooni. Baada ya bibi kufariki tumekuta barua 14 za babu aliyekuwa Keya, za mwaka 1943 hadi 1945. Zote ni salamu: msalimie fulani, ng'ombe wanaendeleaje, fedha mmepata? Inakuwaje mtu yuko Burma vitani na haandiki neno la vita? Msomaji, Tukuyu.*

Marahaba. Babu yako hakuruhusiwa. Barua ya askari ilisomwa na ofisa wa kikosi chake kabla ya kufungwa. Ofisa alitafuta yaliyokatazwa: jina la mahali, kikosi kinaelekea wapi, meli gani, silaha gani, nani ameuawa, wangapi wamejeruhiwa. Akiridhika alitia sahihi juu ya bahasha, ikagongwa muhuri wa ukaguzi. Baadhi zilifunguliwa tena na wakaguzi waliokuwa nyuma ya mstari wa mapigano, kisha zikafungwa kwa ukanda wa karatasi uliobandikwa ubavuni. Kama bahasha zenu bado zipo, tazameni upande wa kushoto chini, ndipo sahihi nyingi za maofisa zilipo.

Lakini ukaguzi ni nusu tu ya jibu. Askari wengi walioingia jeshini hawakujua kuandika, wakamsimulia karani wa kombania au mwenzao aliyesoma misheni. Na huku nyumbani barua ilisomwa kwa sauti na mwalimu, katekista au karani wa chifu, mama mkwe amekaa hapo, majirani wamesimama mlangoni. Ni maneno gani ya moyoni ambayo mume angempelekea mkewe kupitia watu wote hao? Kwa hiyo barua ilivaa heshima yake: "Baada ya salamu, mimi sijambo, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu." Hayo ni maneno ya desturi, kila karani aliyajua. Usiyapime kama habari. Tafuta pale desturi inapokatika, sentensi inapokuwa fupi au jambo linapotajwa mara mbili. Hapo mara nyingi ndipo msimuliaji mwenyewe alipomshika karani mkono.

Sasa rudi kwenye hizo salamu, maana zimebeba mengi kuliko unavyodhani. Andika kwenye daftari orodha ya kila anayetajwa katika kila barua, kwa mfuatano wa tarehe. Utaona makundi mawili: wanaosalimiwa nyumbani, na wanaotuma salamu kutoka jeshini ("fulani wa kwa mzee fulani naye anawasalimu"). Hawa wa pili ni vijana wa kijijini waliokuwa naye kombania moja. Mtu akituma salamu katika barua nne mfululizo kisha asitajwe tena, kuna kilichomtokea: amehamishwa, amelazwa hospitali au amekufa. Kutaja kifo kulikatazwa, lakini hakuna mkaguzi aliyeweza kumlazimisha mtu aandike salamu za marehemu. Jina hilo lililotoweka ndilo la kuanza nalo mnapowauliza wazee.

"Fedha mmepata?" nayo ni swali la kiofisi kabisa. Askari aliweza kuacha sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa familia kupitia boma la wilaya. Akiuliza mara tatu, basi ama fedha hazikufika, ama majibu yenu hayakumfikia, ama kuna mkono uliozizuia njiani. Linganisheni na barua zozote za bibi ambazo babu alirudi nazo kwenye mizigo.

Jambo la mwisho ni mwandiko. Jeshi la Afrika Mashariki lilikuwa na walimu wake waliowafundisha askari kusoma na kuandika. Barua za mwanzo zikiwa na mwandiko mzuri ulionyooka, na za mwishoni zina herufi kubwa zinazopanda na kushuka, msiseme karani wa pili alikuwa mbovu. Huenda hizo za pili ndizo alizoandika babu mwenyewe. Hakikisheni kwa sahihi yake kwenye kitabu cha kutolewa jeshini, kama kipo.

Barua hazina tarehe wala mahali. Tutajuaje zilikotoka?

*Mahali pameandikwa "huku tuliko" tu. Babu alisema alifika Uhabeshi, Bukini na Burma, lakini hatujui barua ipi ni ya wapi. Msomaji, Machakos.*

Anzeni na bahasha. Ikiwa mmeitenganisha na barua yake, irudisheni leo, kwa kulinganisha mikunjo na ukubwa wa karatasi. Muhuri wa posta ya jeshi una namba, kwa kawaida baada ya herufi A.P.O., badala ya jina la mji. Namba hiyo peke yake haiwaambii mahali, kwa sababu posta ilihama pamoja na wanajeshi. Mahali hupatikana kwa namba na tarehe kwa pamoja. Geuzeni bahasha mtazame nyuma, maana wakati mwingine posta ya nyumbani iligonga muhuri wa siku barua ilipofika.

Bahasha isipokuwepo, tumieni kalenda ya vita. Majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kenya yaliingia Mogadishu Februari 1941 na Addis Ababa tarehe 6 Aprili mwaka huo, na vita vya Uhabeshi vikaisha Gondar mwishoni mwa Novemba 1941. Bukini, yaani Madagaska, brigedi ya Afrika Mashariki ilishuka Majunga Septemba 1942 na mapigano yakasimama mapema Novemba. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, iliundwa Februari 1943 ikapelekwa Sailoni (Sri Lanka ya leo) kwa mazoezi marefu. Barua za wakati huo hutaja minazi, joto, chai na mafunzo ya msituni, na mara nyingi ni ndefu kwa sababu watu walikuwa na nafasi.

Kisha barua hufupika ghafla. Agosti 1944 divisheni hiyo ilichukua mji wa Tamu, mpakani mwa India na Burma, ikateremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko. Barabara ziligeuka matope, ikabidi zitandikwe magogo ili magari yapite. Chakula kilidondoshwa kwa miamvuli kutoka kwenye ndege. Ruba waliingia ndani ya viatu, na malaria na homa ya vidudu vya msituni viliangusha watu wengi. Ukikuta barua inalalamikia mvua isiyoisha, au inataja vidonge vya manjano vinavyobadilisha rangi ya ngozi (hiyo ni mepakrini, dawa ya kukinga malaria), umekaribia miezi ya Agosti hadi Novemba 1944. Kalewa ilichukuliwa mwanzoni mwa Desemba, na hapo mto Chindwin ukajengewa daraja la vyuma la futi 1,154, refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati huo. Baada ya kuvuka, Divisheni ya 11 ilirudishwa India kupumzika na haikuingia tena vitani. Kwa hiyo barua ya mapigano ya mwaka 1945 inaelekeza kwingine: Brigedi ya 28, iliyopigana upande wa mto Irrawaddy, au Brigedi ya 22, iliyokuwa Arakan, pwani ya magharibi ya Burma.

Namba ya batalioni, yaani kikosi kilicho ndani ya brigedi, husaidia sana. Batalioni za 6, 26, 36 na 46 zilikuwa za Tanganyika, na za 4, 34 na 44 za Uganda. Batalioni ya 11 iliyokuwa Burma ni ya Kenya. Ya 46 ilikuwa ndani ya Brigedi ya 28, ya 36 ndani ya Divisheni ya 11, kwa hiyo Watanganyika wawili wa Burma wanaweza kuwa na kalenda mbili tofauti kabisa.

Askari Waislamu wa pwani huenda walitumia miezi ya Kiislamu, na barua nyingine ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ramadhani ya mwaka 1363 wa Hijria ilianza karibu na tarehe 20 Agosti 1944, na Mfungo Mosi (Shawali, mwezi wa Idi) ukaingia karibu na tarehe 18 Septemba. Askari wa Divisheni ya 11 aliyeandika "tumefunga huku njiani" au kuuliza sikukuu ilikuwaje nyumbani mwaka huo, alikuwa kwenye matope ya Kabaw.

Mkishapata kikosi na mwezi, ombeni shajara ya vita ya batalioni hiyo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, fungu la WO 172 kwa vikosi vya Burma. Karatasi za Kamandi ya Afrika Mashariki ziko WO 276. Shajara iliandikwa siku kwa siku: kikosi kililala wapi, kilishambuliwa saa ngapi, wangapi walipotea. Iwekeni kando ya barua. Siku ambayo babu aliandika "sisi wazima, Mungu ni mwema", mnaweza kusoma kilichokuwa kimetokea jana yake. Msitegemee kuona jina lake humo, kwa sababu shajara hutaja maofisa na mara chache sana askari wa kawaida.

Nizipeleke kufanyiwa laminesheni?

*Barua zinachanika kwenye mikunjo na nyingine zina madoa. Kijana wa steshenari amesema atazifanyia laminesheni zote. Zimekaa kwenye sanduku la bati miaka yote. Msomaji, Tanga.*

Tafadhali usizipeleke. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi, na halirudishiki nyuma. Mashine ya laminesheni hukandamiza plastiki kwa joto kali, gundi ikayeyuka na kuingia ndani ya nyuzi za karatasi. Karatasi za wakati wa vita zilikuwa duni, za massa ya mbao, na zina asidi inayozila kutoka ndani. Ukizifungia kwenye plastiki asidi haipati pa kutokea, hivyo karatasi huendelea kuwa kahawia na kuvunjika humo humo. Selotepu nayo ni hivyo hivyo: baada ya miaka michache gundi yake hugeuka rangi ya chai iliyokolea, inapenya, na maandishi ya chini yake hayaonekani tena.

Kabla ya kugusa chochote, tambua barua imeandikwa kwa nini. Penseli ya kawaida ni ya kijivu, inang'aa kidogo ukiielekeza kwenye mwanga, na ndiyo imara kuliko zote. Wino wa kalamu ya kuchovya au kujaza hufifia. Ya kuogopa ni penseli ya zambarau, iliyotumiwa sana jeshini kwa sababu maandishi yake hayafutiki kwa raba. Ikiwa kavu inaonekana kama penseli ya kijivu yenye rangi ya bluu au zambarau kwa mbali. Ikipata unyevu hugeuka wino wa zambarau na kutapakaa. Tone moja la maji, jasho la kidole au pumzi ya karibu vinatosha kuharibu neno. Madoa ya zambarau unayoyaona huenda ni mvua ya Burma yenyewe, au maji yaliyovuja kwenye paa la nyumbani. Usiyafute. Usipige pasi, usiweke juu ya mvuke ili kunyoosha, na usibandike mikunjo kwa uji wa unga kama wengine wanavyoshauri.

Fanya hivi. Osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, usipake mafuta. Tandika shuka safi nyeupe mezani, mbali na chai na feni. Toa pini na klipu zenye kutu: usizivute, ingiza kipande cha karatasi ngumu kati ya chuma na barua, kisha fungua kila upande wa klipu taratibu. Fungua mikunjo polepole, na pale inapogoma acha. Weka barua iliyofunguka kati ya karatasi mbili safi nyeupe, juu yake kioo au kitabu kizito kilichofunikwa, wiki moja au mbili. Itanyooka yenyewe kwa uzito bila maji.

Halafu kila barua iingie kwenye mfuko wake. Mifuko ya poliesta inayoonyesha pande zote ndiyo bora. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu kali ya mpira, hunata kwenye maandishi, iepuke. Usipopata poliesta, tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi. Iliyochanika kwenye mkunjo iache ilivyo ndani ya mfuko, vipande vikikaa mahali pake. Fundi wa hifadhi ataiunga baadaye, na atakushukuru hukutangulia na gundi.

Sanduku la bati limezilinda barua na mchwa, hilo tusilidharau. Tatizo lake Tanga ni unyevunyevu. Usiku bati hupoa, unyevu wa ndani hugeuka matone, na kutu hudondoka juu ya karatasi. Hamishia barua kwenye boksi gumu la karatasi, uliweke rafuni ndani ya kabati la chumba cha katikati ya nyumba, si ukuta wa nje, si sakafuni, si chini ya paa. Kipimo cha unyevu hewani cha bei nafuu kitakusaidia: lenga asilimia 45 hadi 55. Ukipita 65 kwa muda mrefu ukungu huanza. Vifuko vya silika vinafaa mradi uvibadilishe vikishanyonya. Naftalini usiiweke boksi moja na barua.

Ukiona vumbi la unga na matundu mapya, wadudu wako hai. Funga barua kwenye mfuko wa plastiki wa friza, toa hewa, funga tena ndani ya mfuko wa pili, uweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue kwa saa 24. Jasho litokee nje ya mfuko, si juu ya barua. Ukipuuza saa hizo 24, penseli ya zambarau itakulipiza palepale.

Barua ya mwisho ni ya Januari 1944

*Kaka yake babu alikuwa wa mizinga. Barua yake ya mwisho inasema "tunangoja safari ya baharini". Hakurudi, na hatuna kaburi. Msomaji, Kitui.*

Poleni kwa kukaa na swali hilo muda wote huu. Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli ya Khedive Ismail, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa karibu watu 1,300. Wengi walikuwa askari wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, na walikuwamo pia wauguzi.

Silaha yake na tarehe vinaelekea huko, lakini bado si uthibitisho. Tafuteni kwenye orodha ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, kwa kuchuja tarehe ya kifo 12 Februari 1944 na jina la kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Msianze na jina lake. Makarani waliandika majina walivyoyasikia: Hamisi, Khamis na Amisi anaweza kuwa mtu mmoja, L na R hubadilishana, na jina la baba mara nyingi limeandikwa la kwanza. Namba yake ya jeshi, iliyo juu ya barua au nyuma ya bahasha, ndiyo inayomaliza ubishi.

Waliozama na meli hiyo hawana kaburi. Majina ya hao wa mizinga yamo kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Waliopotea Burma bila kaburi wanakumbukwa kwenye mnara wa Rangoon, ulioko Taukkyan. Mkimpata, chukueni namba ya ubao kabla ya kwenda, maana majina yamepangwa kwa vikosi.

Maandishi yamefifia, na sehemu zimekatwa. Kuna namna ya kuyasoma?

*Kuna matundu manne kwenye barua moja, na mistari miwili imepakwa wino mweusi. Msomaji, Bukoba.*

Tazama kingo za tundu kwanza. Kingo zilizonyooka, zenye pembe, ni wembe au mkasi wa mkaguzi. Kingo zenye mawimbi na nyuzi zilizolika ni wadudu. Mkaguzi alipokata upande mmoja aliondoa na maneno ya upande wa pili yasiyo na hatia, kwa hiyo usihangaike kutafuta siri pande zote mbili. Pima urefu wa tundu, hesabu herufi ngapi zinaingia, soma kilicho kabla na baada. Tundu la herufi saba baada ya "tumefika" karibu daima ni jina la mahali.

Kwa yaliyofifia, piga picha barua ikiwa mezani karibu na dirisha, simu ikiwa juu yake sawasawa, bila fleshi. Ukipata skana, tumia nukta 600 kwa inchi, rangi kamili, pande zote na bahasha, uhifadhi nakala ya kwanza bila kuirekebisha. Kisha kwenye nakala ya pili ibadili picha iwe nyeusi na nyeupe: kwa penseli ya zambarau chagua chujio la kijani, kwa wino uliogeuka kahawia chagua la bluu. Maneno yaliyopotea machoni mara nyingi hujitokeza hapo.

Iliyoandikwa kwa penseli na kukandamizwa, zima taa chumbani, weka tochi pembeni mwa karatasi iliyolala, karibu usawa wa meza. Mikwaruzo ya mkono itatupa kivuli. Fanya hivyo pia kwa mistari iliyopakwa wino, lakini kwa kugeuza barua na kuangalia mgongoni, kisha ugeuze picha kama kwenye kioo. Usikwangue wino huo wala kuupaka dawa ya madoa. Ikishindikana, maabara ya hifadhi yenye kamera ya miale ya infraredi inaweza kuupenya, ikiwa wino wa mkaguzi na wino wa mwandishi havikuwa vya aina moja.